Döderlein: Daktari aliyegundua walinzi wa uke

MWANAMKE wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayejiosha ndani ya uke kwa sabuni huamini kuwa anajitakasa. Kumbe huenda anawaangamiza walinzi aliojaliwa na maumbile. Aliyewatambulisha walinzi hao kwa ulimwengu ni daktari Mjerumani, Albert Döderlein.

Döderlein alizaliwa mjini Augsburg mnamo Julai 5, 1860. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Erlangen na kuhitimu mwaka wa 1884, kisha akahamia Leipzig alikobobea katika ukunga na maradhi ya wanawake. Enzi hizo homa ya uzazi iliwaua akina mama wengi waliojifungua, na madaktari walibishana iwapo viini vyake huletwa na mikono ya wahudumu au vimo mwilini mwa mzazi mwenyewe.

Katika kutafuta jawabu, alichunguza majimaji ya uke ya wanawake wajawazito. Mnamo 1892 alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa uke wenye afya una bakteria wenye umbo la vijiti, ambao hutengeneza asidi ya aina ile ile inayoyafanya maziwa mala kuwa makali. Palipokuwa na bakteria hao, viini vya usaha vilishindwa kustawi. Hadi leo wanajulikana kwa jina lake.

Baadaye alifundisha Tübingen, na kuanzia 1907 akaongoza kliniki ya wanawake mjini Munich hadi 1934. Alihimiza madaktari wavae glavu za mpira, na alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutibu saratani ya kizazi kwa miali ya radiamu. Aliaga dunia Desemba 10, 1941.

Zaidi ya nusu karne baadaye, Mombasa ilidhihirisha uzito wa ugunduzi wake. Mnamo 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Washington, Marekani, walianza kuwafuatilia wanawake wafanyao biashara ya ngono waliohudhuria kliniki ya Ganjoni, kisiwani. Matokeo yaliyochapishwa 1999 kuhusu wanawake 657 yalionyesha kwamba takriban robo tu walikuwa na bakteria hao, na waliowakosa walikabiliwa na hatari maradufu ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Ripoti ya 2006 iliongeza kuwa waliojiosha ndani kwa sabuni walikuwa katika hatari ya karibu mara nne kuliko wasiojiosha.

Walinzi wanapopungua, bakteria wengine hutwaa nafasi yao. Dalili yake huwa majimaji mepesi ya kijivu yenye harufu ya samaki, ingawa wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Hali hiyo hutibiwa kwa metronidazoli. Mwasho mkali na ute mzito mweupe huashiria fangasi, ambao hawasikii dawa hiyo. Ndiyo sababu kununua vidonge dukani kwa kubahatisha ni kujipotezea fedha na kuuacha ugonjwa palepale.

Döderlein hakuwahi kumwona mwanamke anayevuka kwa feri ya Likoni kwenda kliniki, lakini fundisho lake linamhusu: aoshe nje kwa maji, ndani auachie mwili wenyewe, na akiona mabadiliko, amwone daktari bila haya.