Richard Chelimo: Chipukizi aliyetangulia, wapinzani wakajifunza kumsubiri

Agosti 15, 2001, mjini Eldoret, uvimbe wa ubongo ulikatiza maisha ya Richard Chelimo akiwa na umri wa miaka 29 pekee. Huo ni umri ambao wanariadha wengi wa masafa marefu huwa ndio kwanza wanaiva. Kwa Chelimo, miaka minane ilikuwa tayari imepita tangu siku zake bora kabisa uwanjani.

Historia ya mwanariadha huyo ni ya kijana aliyeanza kwa kishindo kikubwa mno kiasi kwamba wakongwe walilazimika kuketi chini na kutafuta dawa yake. Waliipata. Lakini kabla ya kuipata, na hata baada ya hapo, aliwatoa jasho ambalo halijasahaulika.

Chelimo alizaliwa Aprili 21, 1972, katika kijiji cha Chesubet, Marakwet, eneo ambalo leo ni sehemu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet. Ukoo wake ulijaa wakimbiaji. Moses Kiptanui, bingwa wa dunia mara tatu katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alikuwa binamu yake. Mdogo wake, Ismael Kirui, naye alikuja kutwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili.

Jina la Chelimo lilianza kuvuma mwaka 1990 mjini Plovdiv, Bulgaria, aliponyakua taji la dunia la chipukizi katika mbio za mita 10,000. Mwaka uliofuata, Juni 25, alishangaza ulimwengu mjini Hengelo, Uholanzi, alipomaliza umbali huo kwa dakika 27:11.18. Rekodi ya dunia ya watu wazima wakati huo, iliyowekwa na Arturo Barrios wa Mexico mwaka 1989, ilikuwa 27:08.23. Kijana wa miaka 19 alikuwa amebakisha sekunde tatu tu kumfikia mtu mwenye kasi kuliko wote duniani. Rekodi hiyo ya chipukizi ilidumu miaka 13, hadi Boniface Kiprop wa Uganda alipoivunja mwaka 2004.

Silaha yake ilikuwa moja: kwenda mbele mapema na kuongeza kasi hadi wanaomfuata wakatike pumzi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini Chelimo hakuonekana kuuona ukingo wowote. Kwa wapinzani wasiomfahamu, mtindo huo ulikuwa balaa. Aliyemfuata alichoka, aliyebaki nyuma hakumwona tena.

Hata hivyo, mbio za mizunguko 25 zina hesabu yake. Anayetangulia ndiye anayekata upepo, na ndiye anayeamua kasi bila kuona kinachotendeka nyuma yake. Anayejibanza mgongoni pake hutumia nguvu kidogo, na huchagua mwenyewe saa ya kufyatuka. Ndiyo hesabu waliyoifanya wakongwe.

Wa kwanza kuikamilisha alikuwa Mkenya mwenzake. Agosti 26, 1991, katika fainali ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Chelimo alisukuma kasi kali licha ya joto na unyevu wa jiji hilo. Moses Tanui, aliyemzidi umri kwa takriban miaka saba, alimfuata kwa subira na kumpita mwishoni. Tanui alishinda kwa 27:38.74, Chelimo akawa wa pili kwa 27:39.41. Tofauti haikufika hata sekunde moja. Nyuma yao, katika nafasi ya tatu, alikuwa Khalid Skah wa Morocco, mtu aliyesifika kwa kasi ya mita za mwisho.

Skah alikuwa ameona ya kutosha. Agosti 3, 1992, katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, alimganda Chelimo hadi wengine wote wakaachwa. Ikiwa imesalia takriban mizunguko mitatu, walimfikia Hammou Boutayeb, Mmorocco mwingine aliyekuwa amezidiwa mzunguko mzima. Badala ya kuwapisha, Boutayeb alijiunga nao, akawa anaingia mbele ya Chelimo na kumvuruga mwendo. Mashabiki walizomea. Afisa mmoja alijaribu kumtoa uwanjani kwa mkono bila mafanikio. Katika mita za mwisho, Skah alichomoka na kushinda kwa 27:46.70 dhidi ya 27:47.72 za Chelimo.

Waamuzi walimwondoa Skah kwenye matokeo kwa kusaidiwa na mwenzake, na Chelimo akatangazwa bingwa wa Olimpiki. Furaha hiyo haikudumu. Morocco ilikata rufaa na siku iliyofuata Skah akarejeshewa ushindi, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba wawili hao walikula njama. Skah alipanda jukwaani kupokea dhahabu huku uwanja ukimzomea. Chelimo, kijana wa miaka 20, alisimama pembeni yake na nishani ya fedha.

Naye alijibu kwa namna aliyoijua. Kama hakuwa na kasi ya mwisho ya kuwashinda waviziaji, ilibaki saa, ambayo haivizii mtu. Julai 5, 1993, mjini Stockholm, Sweden, alikimbia kwa 27:07.91 na kuivunja rekodi ya Barrios kwa chini ya nusu sekunde. Akiwa na miaka 21, hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mita 10,000 kwa kasi kumzidi.

Heshima hiyo aliishikilia siku tano tu. Julai 10, mjini Oslo, Mkenya Yobes Ondieki alitumia 26:58.38 na kuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 27.

Agosti mwaka huohuo, katika Mashindano ya Dunia ya Stuttgart, Ujerumani, mbinu ya kusubiri ilipata fundi mpya: Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mwenye umri wa miaka 20. Safari hii aliyeviziwa ni Tanui, ambaye kiatu chake kilikanyagwa na Haile kikamtoka, kisha akapitwa karibu na utepe. Chelimo aliambulia shaba, sekunde 20 nyuma ya mshindi. Siku chache kabla, mdogo wake Kirui, mwenye miaka 18, alikuwa ametoroka mbele katika mita 5,000 na kumponyoka Haile huyohuyo kwa chini ya nusu sekunde. Mtindo wa familia ulikuwa bado unauma, ila haukusamehe kosa hata dogo.

Baada ya Stuttgart, Chelimo hakupata tena nishani ya dunia wala ya Olimpiki. Ni rahisi kumhesabu miongoni mwa waliong'aa mapema na kuzimika, lakini hesabu hiyo haimtendei haki. Ilihitaji akili ya Tanui, kasi ya Skah na kipaji cha Haile kumzuia, na kila mmoja wao alilazimika kwanza kukimbia kwa kasi aliyoipanga yeye.

Tangu Naftali Temu atwae dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 kwa wanaume mjini Mexico mwaka 1968, hakuna Mkenya mwingine aliyeipata, hata kufikia Michezo ya Paris ya mwaka 2024. Miongoni mwa walioikaribia ni kijana wa Chesubet, aliyeitwa bingwa kwa muda usiozidi siku moja.

Mji wa Eldoret, alikofia, ulitunukiwa rasmi hadhi ya jiji Agosti 15, 2024. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 23 kamili tangu Richard Chelimo aiage dunia.