Daktari John Boyd Orr: Sahani Kabla ya Kidonge

Kuanzia Juni hadi Agosti sisi wa Thika na Ruiru hatuhitaji kalenda. Ukungu wa asubuhi hutanda juu ya mashamba ya mananasi, sweta haivuliwi, na darasani mwalimu hushindana na vikohozi. Hapo ndipo utasikia ushauri wa kila aina. Huyu anakwambia kitunguu saumu, yule tangawizi na ndimu, na mwingine tayari yuko mbioni kwenda duka la dawa kununua vidonge vya vitamini C. Katika toleo hili tumeonelea tumkumbuke mtu aliyefariki zamani, ambaye kwa miaka mingi alijiuliza kwa nini ugonjwa uleule humwangusha huyu na kumpita yule. Mtu huyo ni Daktari John Boyd Orr. Na sehemu ya jibu lake, amini usiamini, aliitafuta hapahapa nchini Kenya.

Orr alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, huko Scotland. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe. Akiwa na umri wa miaka 13 alipata nafasi katika shule kubwa ya Kilmarnock, lakini badala ya kukazana na vitabu yeye alipenda kushinda na vibarua wa machimboni. Haikupita miezi mingi wazazi wakamrudisha shule ya kijijini. Basi wewe uliyeteleza muhula uliopita usikate tamaa, kwani kuteleza si kuanguka.

Baadaye alisomea ualimu na kuhitimu Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1902. Alipopelekwa kufundisha katika mtaa wa maskini mjini humo, alikuta darasa limefurika watoto wenye njaa, matambara na chawa. Alikaa siku chache tu, akaacha kazi. Aliona kwamba mtoto aliyelala njaa hafundishiki, hata mwalimu awe hodari namna gani. Alifundisha kwingine kwa miaka kadhaa, kisha akarudi chuoni kusomea sayansi na udaktari. Alihitimu udaktari mwaka 1912, umri wake ukiwa zaidi ya miaka 30.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka aliingia jeshini kama daktari. Askari wengi walikuwa wakila vyakula vya makopo na biskuti ngumu, wakilala kwenye matope na baridi kali. Orr alifanya jambo ambalo hata mama zetu wangelifanya. Aliwatuma watu wake wachume mboga katika bustani na mashamba yaliyoachwa na wenyewe, wapike, wale. Alihakikisha pia kwamba viatu vyao haviwabani. Vikosi vingine vilikuwa vikipeleka wagonjwa hospitalini kila mara, lakini askari waliokuwa chini ya uangalizi wake walibaki wazima. Mbali na hayo alitunukiwa nishani mbili za ushujaa kwa kuwahudumia majeruhi chini ya mvua ya risasi.

Baada ya vita alirudi Aberdeen kuijenga taasisi ya utafiti wa lishe, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1922 kwa jina la Rowett. Humo walianza kwa kupima malisho ya mifugo, kisha wakageukia watoto wa watu. Katika miaka ya 1926 na 1927 watoto wa shule katika miji mikubwa ya Scotland walipewa maziwa ya ziada kila siku ya shule. Walipopimwa, ilionekana kwamba walikua kwa kasi iliyozidi ya wenzao kwa takribani asilimia 20. Matokeo hayo yakasaidia kupitisha sheria ya maziwa ya shule. Wazazi wetu waliokunywa Maziwa ya Nyayo, yale yaliyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 1979 katika pakiti za pembetatu, walikunywa wazo lilelile ambalo Orr alilipigania.

Sasa tuje kwetu. Kenya ambayo Orr aliijia kwa utafiti katika miaka ya 1920 ilikuwa imetoka kuumizwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ilitua Mombasa, ikapanda bara. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 150,000 walikufa nchini. Wengi walikuwa wamechoshwa na vita, kwa kubebeshwa mizigo ya jeshi, na mwaka huohuo mvua ikakosekana na njaa ikaingia. Wahenga walisema adui mwombee njaa. Homa ile haikuhitaji kuomba, kwani ilikuta njaa imekwisha kutangulia.

Orr alishirikiana na Daktari John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya serikali ya kikoloni. Maelfu ya Wakikuyu na Wamaasai walipimwa kimo, uzito, nguvu na meno, na vyakula vyao vikachunguzwa. Taarifa kamili ilichapishwa mwaka 1931. Ilisema kwamba mwanamume wa Kimaasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake Mkikuyu kwa kimo cha inchi 5 hivi na uzito wa ratili 23 hivi. Mkikuyu, aliyetegemea zaidi nafaka na viazi, alionekana kusumbuliwa zaidi na upungufu wa damu, meno mabovu, vidonda na magonjwa ya kifua. Mmaasai naye alikuwa na yake, kama kufunga choo na maumivu ya viungo. Tena waliandika kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kwa wingi, na wanaume hawakuzijali sana. Hapo wavulana tuinamishe vichwa, maana tabia hiyo bado tunayo.

Lakini msomaji, ngoja kidogo. Wasomi waliokuja baadaye, akiwemo mwanahistoria Cynthia Brantley mwaka 1997, waliirudia taarifa hiyo na kuona kasoro. Makabila hayo mawili yanatofautiana kwa mengi, si kwa chakula tu. Tena chakula cha Mkikuyu wa kale hakikuwa duni. Kulikuwa na mtama, mawele, njahi, ndizi, viazi vikuu, mboga za kila aina, na maziwa na nyama ya mbuzi kwa nyakati zake. Kilichobadilika ni nini? Tazama hapa tulipo. Reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na ardhi ya Ruiru na Thika ikawa mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge. Mwenye shamba lake akageuka kibarua, akitafuta pesa za kodi ya kibanda, na chakula chake kikawa posho ya unga wa mahindi. Ukimpima mtu kama huyo ukakuta ni mdogo wa mwili, je, kosa ni la mila yake ya kula ama ni la yule aliyemnyang'anya shamba?

Swali hilo Orr hakulikabili hapa Kenya kama ilivyotakiwa. Ajabu ni kwamba alilikabili kwao. Mwaka 1936 alichapisha kitabu juu ya chakula, afya na mapato ya Waingereza, akaonyesha kwamba karibu nusu ya wananchi hawakula vya kutosha kuwa na afya kamili, na sababu kubwa ilikuwa mfuko mtupu, wala si ujinga. Kumbe maskini wa Uingereza na kibarua wa Ruiru walikuwa na ugonjwa mmoja. Huyu aliambiwa hana pesa, na yule akaambiwa hajui kula. Hatusemi haya ili tumtukane marehemu. Twasema kwa sababu mizani inaweza kuwa sahihi, na aliyeisoma akakosea.

Katika Vita Vikuu vya Pili mawazo yake yalitumika kupanga mgao wa chakula Uingereza, ambapo waja wazito na watoto walitangulizwa kupata maziwa. Vita hivyo vilimnyang'anya mwanawe wa pekee wa kiume. Mwaka 1945 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipoundwa, Orr akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Alipendekeza bodi ya dunia nzima ambayo ingenunua na kuhifadhi chakula wakati wa neema na kukigawa wakati wa dhiki. Mataifa makubwa, yakiwemo Marekani na Uingereza, yalikataa. Akaondoka kwenye cheo hicho mwaka 1948, na mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Pesa za tuzo alizitoa kwa vyama vya kutetea amani. Alifariki nyumbani kwake Scotland tarehe 25 Juni 1971, akiwa na miaka 90.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mwanasayansi maarufu wa Marekani, Linus Pauling, alichapisha kitabu cha kuwashauri watu wameze vitamini C kwa wingi ili wasipatwe na mafua. Tangu hapo vidonge hivyo vimeuzwa kama njugu. Majaribio mengi yamefanywa, na jibu ni kwamba kwa watu wa kawaida kuvimeza kila siku hakuzuii mafua. Huyafupisha kidogo tu kwa wanaovitumia mfululizo. Ukianza kumeza baada ya kupiga chafya, faida yake haijathibitika.

Je, hii ina maana kwamba vitamini ni bure? La hasha! Mwili una askari wake wa kupigana na virusi, na askari hao hujengwa kwa protini ya maharagwe, ndengu, mayai, samaki na maziwa. Huhitaji pia madini ya chuma na zinki, na vitamini A inayotokana na karoti, mapapai na mboga kama terere na managu. Kwa aliyepungukiwa, nyongeza huokoa maisha. Ndiyo maana watoto wa chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kliniki, na tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa viwandani uongezwe vitamini na madini. Lakini kwa aliyeshiba vizuri, kidonge cha ziada cha vitamini C huishia chooni. Vitamini C yenyewe iko katika pera, tena mara kadhaa kuliko katika chungwa, na pera huuzwa sokoni kwa bei ya peremende.

Basi baridi ikija, fungua madirisha hewa ipite, nawa mikono, lala mapema. Ukishindwa kupumua au homa ikikataa kushuka, nenda hospitali usingoje. Na kwenye bwalo la chakula usitoe maharagwe kwenye githeri ukayatupa, wala usimpe jirani sukuma wiki yako kwa kuwa eti ni chakula cha sungura. Halafu mtazame huyo jirani. Ikiwa amekohoa muhula mzima na kwao huenda wanalala na chai ya rangi, usimcheke kwamba ni dhaifu wala usimtume kununua vidonge. Mwambie mwalimu wa zamu, na sahani yako isogeze katikati mle pamoja.