Alan Turing: Chuo kilimwacha afanye kazi, sheria ikamwandama

Simu unayotumia kusoma makala hii ni kompyuta ndogo. Wazo la mashine moja inayoweza kufanya kazi za kila aina, mradi ipewe maelekezo, lilielezwa kihisabati mwaka 1936 na kijana Mwingereza ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25. Jina lake ni Alan Turing.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni India, hivyo Alan na kaka yake waliachwa Uingereza kulelewa na familia nyingine. Alipofika miaka 13 alipelekwa Sherborne, shule ya bweni ya wavulana. Huko alimpenda mwanafunzi mwenzake, Christopher Morcom, kijana hodari wa sayansi. Februari 1930 Christopher alifariki kwa kifua kikuu, ugonjwa alioupata utotoni kwa kunywa maziwa ya ng'ombe mgonjwa.

Kijana aliyefiwa na mchumba wa kike hupewa pole ya mchumba. Turing aliomboleza kama rafiki tu, kwa sababu shuleni hapakuwa na nafasi ya kusema zaidi. Aliyempa faraja kubwa ni mama wa marehemu, ambaye aliandikiana naye barua kwa miaka na kumkaribisha nyumbani. Hali hiyo ya shuleni ina jina refu la kitaalamu, lakini kwa lugha nyepesi ni mazoea ya kuchukulia kuwa kila mtu anavutiwa na jinsia nyingine, kisha kupanga shule, sheria na hata rambirambi kwa kufuata dhana hiyo. Mwanafunzi asiyeingia humo hujikuta kama hayupo, hata pale ambapo hakuna aliyemtukana.

Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's, Cambridge. Sheria ya nchi ilikuwa ileile, lakini ndani ya chuo hicho mambo yalikuwa tofauti. Mchumi mashuhuri John Maynard Keynes, ambaye naye aliwahi kuwa na mahusiano na wanaume, alikuwa miongoni mwa wakubwa wa chuo. Marafiki wa Turing walimjua alivyo na hawakumtenga. Alisoma, alipiga makasia, alikimbia mbio ndefu, na mwaka 1935, akiwa na miaka 22, chuo kilimchagua kuwa mwanazuoni wake kwa kupima kazi yake ya hisabati. Mwaka uliofuata akaandika ile makala ya mashine. Siwezi kudai kwamba bila King's isingeandikwa. Ila ni vigumu kufikiri vizuri huku unajificha mchana na usiku.

Vita vilipoanza mwaka 1939 aliitwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kusoma ujumbe wa jeshi la Ujerumani. Mashine aliyoibuni, na ambayo wenzake waliiboresha, ilisaidia kufumbua mafumbo ya Enigma na kuziokoa meli zilizowindwa na nyambizi baharini. Mwaka 1941 alimchumbia mwenzake wa kazini, Joan Clarke, akamweleza ukweli kuhusu nafsi yake, kisha akauvunja uchumba. Walibaki marafiki.

Mwaka 1952 nyumba yake karibu na Manchester iliibiwa. Alikwenda polisi kutoa taarifa, na katika mahojiano akakiri uhusiano wake na kijana wa kiume. Aliyeibiwa akageuka mshtakiwa. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1885. Waingereza walipeleka sheria za namna hiyo makoloni, na vifungu vilivyotokana nazo bado vimo katika kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania. Mahakama ilimpa njia mbili: jela, au kudungwa homoni kwa mwaka mzima ili kuua hamu yake ya mapenzi. Alichagua homoni. Mwili wake ukabadilika, akaota matiti. Serikali aliyoitumikia vitani ikamfungia kazi zake za siri.

Chuo Kikuu cha Manchester hakikumfukuza. Mkuu wake wa idara, Max Newman, alisimama mahakamani kumtetea, na mwaka 1953 chuo kilimuundia cheo maalumu cha nadharia ya kompyuta. Lakini chuo hakikuweza kuizuia sindano.

Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sayanaidi, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake aliamini hadi kufa kwamba ilikuwa ajali. Uingereza na Wales ziliilegeza sheria hiyo mwaka 1967. Serikali iliomba radhi mwaka 2009, Malkia akamsamehe mwaka 2013, na mwaka 2017 msamaha ukapanuliwa kwa maelfu ya wanaume wengine waliohukumiwa kwa makosa kama hayo, wengi wao wakiwa wameshakufa.