Gunpei Yokoi: Fundi wa karata aliyetia michezo ya video mfukoni

WATU wengi waliokulia miaka ya 1990 wanaikumbuka Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya video iliyotoshea kiganjani. Aliyeibuni ni Mjapani Gunpei Yokoi, ambaye alifariki dunia Oktoba 4, 1997, akiwa na umri wa miaka 56.

Hata hivyo, michezo mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine zake leo haipatikani tena madukani, na suala la nani mwenye haki ya kuihifadhi na kuicheza limezua mvutano wa kisheria.

Yokoi alizaliwa mjini Kyoto Septemba 10, 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 aliajiriwa na kampuni ya Nintendo.

Wakati huo Nintendo haikuwa na habari na michezo ya video. Ilikuwa ikitengeneza karata tangu mwaka 1889, na kazi ya kijana huyo ilikuwa kuitunza mitambo ya kutengenezea karata hizo isiharibike.

Kazi hiyo ilimwachia muda wa kutosha. Katika kujiburudisha, alijitengenezea mkono wa bandia unaorefuka na kufupika, wenye uwezo wa kunyakua kitu kilicho mbali.

Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alikiona kifaa hicho na, badala ya kumkaripia mfanyakazi wake, alimwagiza akifanye kuwa bidhaa. Kikapewa jina la Ultra Hand, kikaingia sokoni mwaka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo Yokoi hakurudi tena kwenye mitambo ya karata.

Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Kwa Yokoi, hiyo ilikuwa kanuni ya kazi. Wakati wenzake wakikimbilia teknolojia mpya, yeye aliamini katika kuchukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na kasoro zake zinafahamika, kisha kuitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa ndani ya treni ya mwendo kasi, alimwona msafiri akibonyezabonyeza kikokotoo kwa kukosa la kufanya. Hapo akapata wazo la mchezo mdogo ambao mtu mzima angeweza kuucheza safarini bila kuona haya.

Matokeo yake yalikuwa Game & Watch, iliyotoka mwaka 1980 ikitumia vioo na chipu za aina iliyotumika katika vikokotoo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 43 duniani kote. Mwaka 1982, katika toleo la mchezo wa Donkey Kong, Yokoi aliweka kitufe chenye umbo la msalaba cha kuongozea kwa kidole gumba, ambacho baadaye kilienea katika vifaa vya kampuni mbalimbali.

Aprili 1989 ilizaliwa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala mwanga wa ndani, na walioiona mwanzoni hawakukosa la kubeza. Wapinzani wao, Atari na Sega, walikuja na mashine zenye rangi za kuvutia.

Lakini mashine hizo zilikuwa ghali na zilimaliza betri haraka. Game Boy iliuzwa kwa bei nafuu, ilikuwa imara, na betri zake nne zilidumu kwa saa nyingi. Pamoja na toleo la rangi lililofuata mwaka 1998, iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Si kila alichokigusa kilifanikiwa. Virtual Boy ya mwaka 1995, iliyoonyesha picha nyekundu zenye kina, ililalamikiwa kwa kuchosha macho na ikaondolewa sokoni kabla ya kutimiza mwaka, ikiwa na michezo 22 tu.

Agosti 1996 Yokoi aliondoka Nintendo baada ya miaka 31 na kuanzisha kampuni yake, Koto. Mwaka uliofuata, akiwa barabarani katika mkoa wa Ishikawa, gari alimokuwa akisafiria lilihusika katika ajali ndogo. Aliposhuka, aligongwa na gari lingine na kupoteza maisha.

Aliacha mashine nyingi, lakini mashine huchakaa. Vioo vya Game & Watch hufifia. Ndani ya baadhi ya kaseti za Game Boy kuna betri ndogo ya kutunzia kumbukumbu, na inapokufa, yote aliyoyafikia mchezaji hupotea.

Utafiti uliotolewa Julai 2023 na Video Game History Foundation ulibaini kuwa asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani kabla ya mwaka 2010 haiuzwi tena. Kwa michezo ya Game Boy na jamii yake, inayopatikana haifiki asilimia sita.

Machi mwaka huohuo, Nintendo ilikuwa imefunga duka la mtandaoni la mashine yake ya 3DS, ambalo liliuza baadhi ya michezo hiyo.

Wapenzi wa michezo wamenakili yaliyomo kwenye kaseti na kuandika programu zinazoigiza mashine za zamani. Wenye hakimiliki wanasema kusambaza nakala hizo ni kuwaibia. Watunza kumbukumbu nao wanauliza mnunuzi afanye nini ikiwa mwenye mali haiuzi.

Oktoba 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuziruhusu maktaba kuwafungulia watafiti michezo ya zamani wakiwa mbali na jengo la maktaba. Miongoni mwa yaliyozingatiwa ni hofu kuwa michezo hiyo ingetumika kwa burudani na kuathiri soko. Burudani hiyo ndiyo Yokoi aliyoifanyia kazi maisha yake yote.

Mwezi huohuo, Nintendo ilifungua makumbusho mjini Uji, mkoani Kyoto, katika jengo lililokuwa kiwanda chake cha karata. Humo mgeni anaweza kujaribu toleo jipya la mkono ule ulioanzisha safari ya Yokoi.

Na Septemba 2025, kampuni hiyo ilitangaza kuirudisha michezo ya Virtual Boy kwa wateja wanaolipia huduma yake ya mtandaoni, miaka 30 tangu mashine hiyo ilipokataliwa na wanunuzi. Michezo mingi ya Game Boy, mashine iliyopendwa kuliko zote alizobuni Yokoi, bado haijapata bahati hiyo.