Padri Alexis Kagame, mwalimu wa filozofia

Kunako mwaka 1912, katika Rwanda, ng'ambo ya Ruzizi yetu, alizaliwa Alexis Kagame. Alipewa upadri mwaka 1941. Mwaka 1952 alienda Roma kusoma filozofia, akarudi dokta. Kiisha alifundisha katika Univasite ya Rwanda, kule Butare.

Wazungu wengi walisema ati mtu mweusi hana filozofia. Kagame alitafuta jibu ndani ya Kinyarwanda. Aliona vyote vilivyopo vinaingia katika majina mane: umuntu, mwenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, ni kusema fasi na wakati, na ukuntu, namna ya kuwa. Yote yanashika -ntu moja. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, akilinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Paulin Hountondji wa Benin alimbishia: lugha ni ya wote, lakini filozofia inaomba mtu afikiri mwenyewe. Ni kweli. Lakini siye tunaona Kagame mwenyewe alifikiri.

Alikufa Nairobi mwaka 1981. Yeye Mkatoliki, siye Waprotestanti; somo ni moja. Kila siku tunasemaka mtu, tunasemaka kitu, na tunapita mbio. Yeye alisimama, akauliza.