Mwami Rudahigwa: Taji kutoka Mikono ya Wageni

Wengi wetu tunapenda kusikia habari za wafalme walioongoka. Leo tunamkumbuka Mwami Mutara III Rudahigwa wa Rwanda.

Alizaliwa mwaka 1911, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji wakachukua nafasi yao. Baba yake, Mwami Yuhi Musinga, alitawala chini ya wote wawili, lakini ubatizo aliukataa. Wabelgiji, wakishauriwa na Askofu Léon Classe, walimwondoa madarakani tarehe 12 Novemba 1931, akapelekwa uhamishoni na kufia huko Kongo.

Siku 4 baadaye walimtawaza mwanawe, kijana wa miaka 20. Abiru, watunza siri za ufalme, hawakupewa nafasi yao. Rudahigwa alijua kwamba waliomweka ndio waliomwangusha baba yake.

Basi wakuu wengi na watu wao wakakimbilia ukatekumeni, maana njia ya kupata cheo sasa ilipitia kanisani. Mwami mwenyewe alibatizwa Kabgayi tarehe 17 Oktoba 1943, pamoja na mama yake Kankazi. Tarehe 27 Oktoba 1946 aliiweka Rwanda wakfu kwa Kristo Mfalme.

Hata hivyo hakubaki kuwa kivuli cha Wabelgiji. Mwaka 1954 alianza kufuta ubuhake, desturi iliyomfunga mtu kumtumikia bwana wake kwa ajili ya ng'ombe, na baadaye alitaka nchi yake ijitawale. Alifariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959, bila kuacha mtoto. Kabla mwaka haujaisha, damu ilianza kumwagika Rwanda.

Mjane wake, Malkia Rosalie Gicanda, aliuawa Butare Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao, hata ndani ya makanisa.

Imani ya Rudahigwa anaijua Mungu. Si juu yetu kuipima. Ila sisi tunaojiandaa kwa upadre, pamoja na waamini wa parokia zetu, tunapofurahia vitabu vya ubatizo vilivyojaa, tujiulize kama tumemfundisha kila aliyeandikwa humo kumwona jirani yake kuwa ndugu. Swali hilo halikuulizwa vya kutosha siku zile umati ulipofuata kiti cha enzi.