Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

MSAFIRI anayeondoka katika mashamba ya majani chai ya Imenti, Meru, au ya Manyatta, Embu, na kuteremka hadi nyanda za Tharaka na Mbeere, hutoka katika nchi ya baridi na ukungu akaingia katika nchi ya jua kali, mtama na mbu. Mji wa Meru uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu nyingi za Tharaka ziko chini ya mita 900. Wenyeji wa miteremko hiyo ya Mlima Kenya wamejua tangu jadi kwamba homa ya malaria ni ya huko chini.

Tofauti ya miinuko ya namna hiyo, ambayo mkulima huisoma katika mimea yake, ndiyo iliyomsaidia daktari mmoja wa upasuaji, zaidi ya miaka 60 iliyopita, kufumbua fumbo la saratani iliyokuwa ikiwaua watoto wa Afrika bila hata kuwa na jina. Daktari huyo alikuwa Denis Parsons Burkitt. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911, mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara wa serikali ambaye wakati wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Aliwavisha pete za chuma miguuni, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege alikuwa na himaya yake wapi. Mwana aliyekulia katika nyumba hiyo alijifunza mapema kwamba ramani yaweza kusema jambo ambalo macho peke yake hayalioni.

Na macho yenyewe hayakudumu mawili. Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na mvulana mwenzake lilivunja miwani yake na kumharibu jicho la kulia. Maisha yake yote yaliyofuata, pamoja na miaka ya kushika kisu cha upasuaji, yalikuwa ya jicho moja.

Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, mwaka wa 1929 ili asomee uhandisi kama baba yake, lakini muda si mrefu akabadili nia na kuingia katika udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata shahada ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ilibidi vita vikuu vya pili vije ndipo Afrika imfungulie mlango. Akiwa daktari wa jeshi la Uingereza, alihudumu Kenya na Somalia kabla ya kupelekwa Ceylon. Mwaka wa 1943 alimwoa Olive Rogers, ambaye alikuwa muuguzi, na wakajaaliwa mabinti watatu.

BUSHA LA LANGO

Vita vilipomalizika, ombi lake lilikubaliwa, na mwaka wa 1946 akapelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko alikuwa daktari wa kila kitu: wa mifupa, wa uzazi, wa homa na wa majeraha.

Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wanaume wengi wenye busha. Daktari mwingine angewapasua na kuwarudisha makwao. Burkitt aliwapasua, lakini pia akamwuliza kila mmoja alikotoka. Aligundua kwamba ugonjwa ulikuwa wa kawaida katika upande mmoja wa wilaya na nadra katika upande wa pili, akauhusisha na minyoo wa matende wanaoenezwa na mbu. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la kitabibu la The Lancet mwaka wa 1951. Swali lile dogo, la ugonjwa uko wapi na hauko wapi, lilikuwa limekwisha kuwa desturi yake.

Mwaka wa 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, ambako kazi ya upasuaji na ya kuwafundisha wanafunzi wa Makerere ilimjaza siku yote.

MTOTO WA TAYA NNE

Mwaka wa 1957, mwenzake Dkt Hugh Trowell, aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya utapiamlo wa kwashiakoo, alimwita wodini amtazame mvulana wa umri wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya za juu na za chini, kushoto na kulia. Meno yalikuwa yamelegea na uso umeharibika vibaya. Usaha wa jino huanza mahali pamoja, na hata uvimbe wa saratani haukujulikana kuota pembe nne za mdomo kwa wakati mmoja. Burkitt alimpiga picha na kuandika aliyoyaona, lakini hakuwa na la kumtibu.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja kwa ziara ya kikazi. Kupitia dirisha la hospitali alimwona mwanamke ameketi nje kwenye nyasi pamoja na binti yake, na uso wa mtoto ulikuwa na uvimbe ule ule. Alitoka akampima, akakuta tumboni pia mna uvimbe. Kioja kimoja huweza kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Vioja viwili vinavyofanana vilidai kutafutiwa sababu.

Burkitt alirudi Mulago akaanza kufukua majalada ya wagonjwa. Aliwapata watoto wengine waliovimba taya, na wengine waliokuwa na uvimbe wa figo, ini, au viungo vya uzazi, ambao kila mmoja alikuwa ameandikiwa ugonjwa wake. Alipowapanga pamoja aliona ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Mwaka wa 1958 alichapisha habari za watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Watu wachache tu waliisoma makala hiyo. Baadaye wataalamu wa patholojia wa Kampala, akiwamo J.N.P. Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, walithibitisha kwamba ni saratani ya chembechembe za kinga ya mwili, yaani limfoma.

Wala ugonjwa haukuwa mpya. Katika kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, zilizoanza kuandikwa na mmisionari Sir Albert Cook mapema katika karne ya 20, walikuwamo watoto wa namna hiyo. Nusu karne ilipita wakiwa wameandikwa vitabuni bila mtu kuwasoma kwa pamoja.

SAFARI YA MAILI 10,000

Hatua iliyofuata ilihitaji stampu, karatasi na subira. Kwa msaada mdogo wa fedha, Burkitt alichapisha vikaratasi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama waliwahi kuona kitu kama hicho. Majibu yalipokuja alichomeka pini kwenye ramani iliyokuwa ukutani. Pini zilijipanga zikafanya ukanda unaovuka katikati ya Afrika, wenye mkia ulioteremka pwani ya mashariki hadi kusini.

Ili ajue ukanda huo unaishia wapi, Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford la mwaka wa 1954. Aliandamana na marafiki wawili, Dkt Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, magharibi mwa Nile, ambaye alijua pia kutengeneza magari, na Dkt Clifford Nelson kutoka Canada. Kwa wiki 10 walisafiri maili 10,000, sawa na kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakazuru hospitali 57. Kila walipofika waliwaonyesha madaktari na wauguzi picha zao, na kuuliza swali lile lile la Lango.

Majibu yalileta mpaka ambao hakuna serikali iliyouchora. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa haba sana mahali palipozidi takriban mita 1,500. Kadiri walivyoenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, ndiye aliyemwonyesha kwamba mwinuko ulikuwa ukificha jambo jingine: joto. Ugonjwa haukupatikana mahali penye baridi kali wala penye ukame mkubwa. Ulihitaji joto na mvua, ambavyo ndivyo mbu anavyohitaji.

Hapo ndipo miteremko ya nchi kama Meru na Embu inapoeleza ramani ya Burkitt kuliko kitabu. Mtoto wa juu, kwenye chai na kahawa, na mtoto wa chini, kwenye mtama na ndengu, waweza kuwa wa ukoo mmoja na lugha moja, lakini mmoja huishi mahali ambapo mbu wa malaria hustawi na mwingine huishi mahali ambapo hastawi. Mtaalamu Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti nchini Kenya pamoja na wataalamu wa patholojia wa Nairobi, alitoa hoja mwaka wa 1964 kwamba malaria ilikuwa na mkono katika saratani hiyo. Uchunguzi uliofanywa Kenya miaka mingi baadaye ulionyesha kwamba ugonjwa huwapata zaidi watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa pwani, yaani mahali penye malaria nyingi.

VIRUSI NA DAWA

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeondoka akiamini kwamba kuna virusi ndani ya uvimbe ule. Kuanzia hapo vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Baada ya kushindwa mara nyingi, Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, waliviona virusi hivyo kwa hadubini ya elektroni mwaka wa 1964. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Baadaye ilidhihirika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo virusi hivyo bila kuugua saratani. Fumbo likawa na pande mbili: virusi vinavyoingia katika chembechembe za kinga, na malaria inayoshambulia tena na tena hadi kinga ya mtoto inaposhindwa kuvidhibiti. Katika hali hiyo chembechembe huongezeka kupita kiasi, na kasoro ikitokea katika kromosomu zake, moja hugeuka kuwa saratani.

Kwa wazazi, lililokuwa na uzito zaidi lilikuwa tiba. Kisu hakikufaa kitu, na Mulago haikuwa na mashine za tiba ya mionzi. Burkitt alianza kujaribu dawa za kuua chembechembe za saratani, zikiwamo methotrexate na cyclophosphamide, kwa ushauri na msaada wa watafiti wa Marekani. Jijini Nairobi, Dkt Peter Clifford alikuwa akifanya majaribio kama hayo. Uvimbe huu hukua kwa kasi kuliko karibu saratani nyingine zote, na kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka upesi ukiguswa na dawa. Baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya kupewa dozi chache, na wengine baada ya dozi moja tu. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa pekee, na uponyaji huo ulitokea Afrika Mashariki.

CHAKULA CHA MWAFRIKA

Burkitt alirejea Uingereza mwaka wa 1966, lakini hakuacha kuuliza. Katika miaka yake ya Uganda alikuwa amepasua Waafrika wachache mno wenye ugonjwa wa kidole tumbo, na bawasiri na saratani ya utumbo mpana vilikuwa nadra, ilhali Uingereza vilijaza wodi. Akirudia desturi yake ya kuandikia hospitali za mashambani, alifikia hoja kwamba chakula cha Mzungu kimepungukiwa na nyuzinyuzi, zile zilizojaa katika mahindi yasiyokobolewa, maharagwe, njahi na mboga ambazo familia za Meru na Embu huzichemsha katika sufuria moja. Kitabu chake kuhusu nyuzinyuzi cha mwaka wa 1979 kilisomwa na watu wengi. Si kila alilodai lililothibitishwa na watafiti waliomfuata, lakini ushauri wake kwamba watu wale vyakula visivyokobolewa umekuwa wa kawaida duniani.

Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo akapata tuzo ya Lasker ya Marekani. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliendelea kuyahesabu mafanikio yake kuwa ya wauguzi na madaktari wa vijijini waliojibu barua zake. Alifariki Machi 23, 1993, nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Deni alilowaachia walio hai bado halijalipwa. Katika nchi tajiri, takriban watoto tisa kati ya kumi wenye saratani hiyo hupona. Katika sehemu nyingi za Afrika, ilikogunduliwa na ilikotibiwa kwanza, wanaopona ni nusu au pungufu. Mara nyingi uvimbe wa taya hudhaniwa kuwa jino bovu, na uvimbe wa tumbo hudhaniwa kuwa minyoo. Kwa ugonjwa ambao waweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili, wiki tatu za kungoja nauli ni nyingi mno.

Kwa hiyo kazi ya Burkitt inaendelea katika zahanati ndogo za nyanda za chini, mbele ya daftari la wagonjwa. Mwuguzi anayemwona mtoto aliyelegea meno na kuvimba taya, akamwandika, akamwuliza mama ametoka wapi na kumpeleka hospitali kuu siku hiyo hiyo, anafuata njia iliyofunguliwa na daktari mwenye jicho moja, gari kuukuu na swali moja.